Zanzibar Si Kaunti: Venye Serikali ya Visiwani Imepangwa

Kila Watanzania wakiingia kwa uchaguzi lazima kuna mtu hapa Nairobi atauliza, kwani hawa watu wako na marais wangapi? Ameona picha ya Samia wa Tanzania, ameona picha ya Hussein Mwinyi wa Zanzibar, wote kijani na njano, wote wanaitwa Mheshimiwa Rais, sasa anashindwa nani ni nani. Halafu kuna yule mjuaji wa kila kijiwe, huyo hata hafikirii, anamjibu, "Aah, Zanzibar si ni kama kaunti tu, huyo Mwinyi ni gavana wao." Watu wanaitikia, stori inasonga. Mimi hilo jibu hunikera kidogo, si juu Wazanzibari wamenituma niwatetee, ni juu ukishakubali kwamba Zanzibar ni kaunti hutaelewa chochote kuhusu siasa ya Tanzania, hutaelewa mbona wanabishana kuhusu Muungano tangu 1964 na bado hawajamaliza.

Hebu tuanze na kaunti zetu zenyewe. Zote 47 zilitoka kwa katiba. Kabla ya 27 Agosti 2010 hakukuwa na kitu inaitwa serikali ya kaunti ya Nairobi, kulikuwa na siti kansol na meya na mnyororo wake shingoni, karatasi ikaandikwa, kaunti zikazaliwa. Na sisi watu wa Nairobi tunajua vizuri venye hicho kitu kinaweza kuguswa kutoka juu, Februari 2020 afya, barabara na mipango ya mji zilibebwa zikapelekwa serikali kuu kwa sahihi iliyowekwa Ikulu, na Desemba mwaka huo huo Seneti ikamtoa gavana wetu Sonko. Gavana ni mkubwa, lakini kuna watu wanaweza kukaa chini kwa mujibu wa sheria na kumtoa.

Zanzibar imeenda kinyume. Yenyewe ilikuwepo kabla ya Tanzania kuwepo. Ilipata uhuru kutoka kwa Mwingereza 10 Desemba 1963, siku mbili tu kabla yetu, ikiwa na Sultani Jamshid bin Abdullah na waziri mkuu Mohammed Shamte, na mwezi huo huo ikapata kiti Umoja wa Mataifa. Mwezi mmoja baadaye, 12 Januari 1964, mapinduzi, Sultani akakimbia, Abeid Amani Karume akawa rais wa Jamhuri ya Watu wa Zanzibar. Halafu 26 Aprili 1964 Karume na Nyerere wakaunganisha nchi zao mbili, na jina Tanzania lenyewe likaja baadaye, Oktoba. Kwa hivyo usiseme Tanzania iliipa Zanzibar serikali. Tanganyika na Zanzibar ndio wazazi, Tanzania ndiyo mtoto. Hakuna gavana hapa kwetu anaweza kusimama aseme kaunti yake ilizaa Kenya, lakini Mzanzibari anasema hivyo na anakuonyesha tarehe.

Sasa hapo ndipo kuna kitu cha ajabu, na ukikikosa hiki umekosa yote. Nchi mbili ziliungana, lakini baada ya kuungana kulibaki serikali mbili tu, na si zile mbili unafikiria. Kuna Serikali ya Jamhuri ya Muungano, na kuna Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, SMZ. Tanganyika je? Haipo. Mambo yake yote, shule zake, maji yake, mashamba yake, yanaendeshwa na hiyo hiyo serikali ya Muungano. Ni kama watu wawili wameanzisha chama, halafu mmoja akawa mweka hazina na pesa ya chama anaiweka kwa mfuko ule ule wa pesa yake ya nyumbani. Labda haibi hata shilingi, lakini yule mwenzake kila siku atakuwa anauliza, hapa unanunua sukari na pesa ya nani? Nusu ya zile zinaitwa kero za Muungano ukizichimba utafika hapo.

Tuingie ndani ya hiyo serikali basi. Juu kabisa kuna Rais wa Zanzibar na Mwenyekiti wa Baraza la Mapinduzi, hicho ndicho cheo chake kwa ukamilifu, anachaguliwa moja kwa moja na wapiga kura wa visiwani, miaka mitano, mara mbili. Mwinyi aliingia 2020, akarudi tena 2025. Baba yake, Ali Hassan Mwinyi, alikalia kiti hicho hicho 1984 mpaka 1985 kabla ya kwenda kuwa rais wa Tanzania nzima kwa miaka kumi. Zanzibar iko na katiba yake, ya 1984, iko na bendera yake tangu 2005, na wimbo wake. Na tangu marekebisho ya kumi ya 2010, kifungu cha kwanza cha hiyo katiba kinasema wazi Zanzibar ni nchi. Hiyo haikuja hivi hivi. Mwaka 2008 waziri mkuu wa Tanzania, Mizengo Pinda, alisema bungeni kwamba Zanzibar si nchi, na visiwani watu wakawaka, chama tawala CCM kwa upinzani, kwa mara moja wakaongea lugha moja. Miaka miwili baadaye wakaiandika kwa katiba.

Baraza la Mapinduzi lenyewe ni kama kabineti, Rais, makamu wake, mawaziri na wengine anaowateua. Lakini jina limebeba historia. Baada ya 1964 hilo Baraza ndilo lilikuwa kila kitu, linatunga sheria, linazitekeleza, na hakuna mtu alikuwa amelipigia kura. Miaka kumi na sita visiwa viliendeshwa hivyo. Ni 1980 ndiyo Baraza la Wawakilishi likaanza, hili ndilo bunge lao la ndani, siku hizi linakaa Chukwani, nje kidogo ya mji. Majimbo ni 50, kisiwa cha Unguja 32 na cha Pemba 18, halafu kuna viti maalum vya wanawake na wachache wa kuteuliwa na Rais. Sikiza sasa uone mambo: jimbo moja linatoa watu wawili, mwakilishi wa kwenda Chukwani na mbunge wa kwenda Bunge la Muungano, Dodoma. Juu ya hao, Wawakilishi wenyewe wanachagua watano kati yao waende pia Dodoma. Kwa hivyo Mzanzibari siku ya kura anapewa karatasi tano, rais wa Muungano, rais wa Zanzibar, mbunge, mwakilishi na diwani. Na zinasimamiwa na tume mbili tofauti, ya Muungano na ya Zanzibar, ZEC, kwa siku moja.

Hiyo ya tume mbili ilileta kioja 2015 na mimi sijawahi kusikia kingine kama hicho. Watu wamepiga kura 25 Oktoba, foleni ni moja. Siku tatu baadaye mwenyekiti wa ZEC, Jecha Salim Jecha, anatokea kwa televisheni anasema uchaguzi wa Zanzibar umefutwa wote. Wote! Lakini kura za rais wa Muungano zilizopigwa na watu wale wale, siku ile ile, hizo ziko sawa, zikahesabiwa, Magufuli akaapishwa. Uchaguzi wa Zanzibar ukarudiwa 20 Machi 2016, CUF, chama kikuu cha upinzani visiwani wakati huo, wakasusia, Rais Ali Mohamed Shein wa CCM akashinda. Kama Mkenya uliyepitia 2017 na ile marudio ya Oktoba, hiyo stori unaisikia kwa tumbo.

Hapo kwa Makamu wa Rais ndipo mimi hupenda kukaa. Wako wawili. Makamu wa Pili anatoka chama cha Rais na ndiye anaongoza shughuli za serikali ndani ya Baraza la Wawakilishi, huyo ndiye mtu wa kazi za kila siku, tangu 2020 ni Hemed Suleiman Abdulla. Makamu wa Kwanza anatoka chama kilichokuwa cha pili kwa kura za urais, mradi kimefikisha asilimia 10. Yaani mpinzani wako uliyemshinda ndiye anakaa karibu na wewe ofisini, si kwa kupenda kwako, ni katiba inasema. Na wizara zinagawanywa kulingana na viti. Wanaiita Serikali ya Umoja wa Kitaifa.

Sasa tazama tarehe. Hiyo kitu ilipitishwa na kura ya maoni 31 Julai 2010, asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Siku nne baadaye, 4 Agosti 2010, sisi huku tukapanga foleni zetu na tukapitisha katiba mpya kwa zaidi ya theluthi mbili. Wiki moja! Na tulikuwa tunakimbia kitu kimoja, damu ya uchaguzi. Sisi tulikuwa tumetoka 2008 na nusu mkate ya Kibaki na Raila, kila mtu amechoka na ile serikali ya kuvutana mpaka kwa zulia na choo, tukasema hapana, hii nusu mkate iishie hapa, hebu tugawe pesa na madaraka kwa kaunti 47, anayeshindwa kule juu apate kitu huku chini. Wao wakaangalia kisiwa chao, watu milioni moja na kitu, wakasema sisi hatuna kaunti 47 za kugawa, tuna pande mbili tu na zinakaa mtaa mmoja, basi hiyo nusu mkate tuiweke kwa katiba kabisa. Kitu kile kile tulichotupa ndicho wao wakaokota. Mimi sisemi nani alikuwa mjanja. Lakini naona kila tukimaliza uchaguzi hapa tunarudi kwa salamu za mikono na serikali jumuishi za kupangwa usiku, kwa hivyo ile nusu mkate hatukuitupa mbali.

Na kwao damu ilikuwa ya kweli, si maneno. Januari 2001 watu waliandamana Pemba na Unguja kupinga uchaguzi wa 2000, wakapigwa risasi, na watu zaidi ya elfu mbili wakapanda mashua wakakimbilia huku kwetu, Shimoni. Tanzania, nchi ambayo miaka yote ilikuwa inapokea wakimbizi wa wengine, ikatoa wakimbizi. Watu wa pwani ya kusini wa umri fulani wanakumbuka. Mwafaka ukasainiwa mwaka huo, ukalegea, ikachukua mpaka Novemba 2009, Rais Amani Karume, mtoto wa yule Karume wa 1964, na kiongozi wa upinzani Maalim Seif Sharif Hamad wakakutana Ikulu ya Zanzibar, ndipo njia ya kura ya maoni ikafunguka. Maalim Seif akawa Makamu wa Kwanza 2010. Baada ya ile marudio ya 2016 kiti kikakaa kitupu karibu miaka mitano juu hakuna chama cha pili kilifikisha ile asilimia 10. Akarudi Desemba 2020 kupitia chama cha ACT-Wazalendo, akafariki Februari 2021, Othman Masoud Othman akachukua. Ubaya wa mpango huu ni kwamba Makamu wa Kwanza ana gari, ana ofisi, ana walinzi, lakini kazi yake kubwa kwa katiba ni kumshauri Rais. Rais akiamua kutosikia, hakuna kengele inalia.

Ukishuka chini kuna mikoa mitano, mitatu Unguja, Mjini Magharibi, Kaskazini na Kusini, na miwili Pemba, Kaskazini na Kusini. Wilaya 11. Wakuu wa mikoa na wa wilaya wote wanateuliwa. Kuna mabaraza ya miji na ya wilaya yenye madiwani wa kuchaguliwa, lakini ukimuuliza mtu wa Micheweni ama wa Paje nani ni serikali kwake, hatakutajia diwani, atakutajia sheha.

Sheha ndiye wa kuelewa. Kila shehia, ile sehemu ndogo kabisa ya utawala, ina sheha wake, anateuliwa na mkuu wa mkoa, hapigiwi kura na mtu. Anajua nani amehamia, nani ameoa, nani anauza shamba, nani ana mgeni amelala kwake. Barua yake ndiyo inaanzisha karibu kila kitu, na kubwa zaidi ni kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Bila hicho kitambulisho huandikishwi kupiga kura ya Zanzibar, na sheria inataka uwe umekaa kwa jimbo lako miezi 36. Sasa unganisha mwenyewe: mtu aliyeteuliwa na serikali ndiye anasema wewe ni mkaazi ama si mkaazi. Wapinzani wamelalamika kuhusu masheha tangu zamani, eti watu wao wanazungushwa, njoo kesho, njoo kesho kutwa, mpaka daftari lifungwe. Chifu wetu wa hapa anafanana naye kidogo, barua ya chifu unaijua, lakini chifu hajawahi kuwa na nguvu hiyo kwa kura yako. Kama mtu anataka kujua kwa nini uchaguzi wa kisiwa kidogo hivyo huwa moto, aanzie kwa sheha kabla ya kuangalia kura zinavyohesabiwa.

Mahakama nazo wanazo zao, Jaji Mkuu wao, Mahakama Kuu ya Zanzibar, na chini yake za mikoa, za wilaya na Mahakama za Kadhi za ndoa, talaka na mirathi. Rufaa zinaweza kwenda Mahakama ya Rufani ya Tanzania, hiyo ni ya Muungano, lakini kuna mambo haiwezi kugusa, kama tafsiri ya katiba ya Zanzibar na kesi zilizoanzia kwa kadhi. Hizo zinamalizikia visiwani.

Na hapa Mkenya asikae kama mgeni, juu mahakama zetu za kadhi zimetoka mlango huo huo. Ule ukanda wa maili kumi wa pwani yetu, Mombasa, Malindi, Lamu, ulikuwa mali ya Sultani wa Zanzibar, Waingereza waliuendesha kwa kumlipa kodi tangu 1895, bendera nyekundu inapepea Fort Jesus. Oktoba 1963 Kenyatta na Shamte wakakubaliana kwamba ukanda uingie Kenya, na moja ya masharti ilikuwa makadhi wabaki. Ndiyo maana Ibara ya 170 iko kwa katiba yetu. Wakati makanisa yalipokuwa yanapiga kelele 2010 kwamba kadhi anafanya nini kwa katiba, wengi walikuwa wanaongea kama hiyo kitu ilidondoka juzi.

Sasa kuna ule mpaka wa kazi, nani anafanya nini. Katiba ya Tanzania ina orodha ya mambo ya Muungano. Mwaka 1964 yalikuwa 11, leo ni 22. Ulinzi, mambo ya nje, uraia, polisi, uhamiaji, sarafu, kodi ya mapato, ushuru wa forodha, elimu ya juu, Baraza la Mitihani, anga, na kadhalika. Kila kisichokuwa kwa hiyo orodha ni cha Zanzibar, afya, shule za chini, ardhi, kilimo, utalii, maji, barabara, kazi. Ndiyo maana kule kwa hoteli za Nungwi na Paje, ambako Wakenya wamejaa, kibali cha kazi unakiomba kwa watu wa kazi wa Zanzibar, kile cha Dar hakikusaidii. Na ukivuka na feri kutoka Dar kama mgeni unajikuta tena mbele ya dirisha la uhamiaji na pasipoti mkononi, na unajiuliza kwani nimetoka nchi gani nimeingia gani. Hata sheria ya Bunge la Dodoma haivuki maji yenyewe, katiba ya Zanzibar kifungu cha 132 inataka iwe ya jambo la Muungano na iwasilishwe kwa Baraza la Wawakilishi.

Kule kupanda kutoka 11 hadi 22 ndiko Wazanzibari wanalia nako. Wanasema sisi tulikubali kumi na moja, haya mengine yaliongezwa mos mos. Mafuta na gesi yaliingizwa pia, wakapigana, mpaka 2015 sheria ikawaruhusu wasimamie ya kwao, na 2016 wakatunga sheria yao wenyewe.

Polisi ni wa Muungano lakini usifikirie SMZ imekaa mikono mitupu. Wana vikosi vyao, KMKM, JKU yaani Jeshi la Kujenga Uchumi, Valantia, Zimamoto, na Chuo cha Mafunzo, ambacho ni jela. KMKM maana yake Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, na magendo makubwa yalikuwa karafuu za Pemba kuvushwa usiku kuja kuuzwa pwani ya Kenya, juu huku zilikuwa na bei kuliko ile serikali yao inalipa. Mpaka leo karafuu inanunuliwa na shirika la serikali, ZSTC, peke yake. Sisi tuna kanjo wanakimbizana na mama mboga, wao wana boti. Na hivi vikosi vyote viko na timu za mpira, ukiangalia ligi kuu ya Zanzibar unaona KMKM anacheza na Mafunzo, JKU na Zimamoto, mtu asiyejua atadhani ni gwaride.

Mpira wenyewe umekwama pale pale siasa imekwama. Kwa CECAFA, mashindano ya Afrika Mashariki na Kati, Zanzibar anacheza kama nchi. Desemba 2017 fainali ilikuwa Machakos, Kenya na Zanzibar Heroes, mbili kwa mbili, tukawafunga kwa penalti na walikuwa wametuhangaisha kweli kweli. Mwaka huo huo CAF, shirikisho la mpira la Afrika, ilikuwa imewapa uanachama kamili mwezi wa tatu na kuwanyang'anya mwezi wa saba, ikisema ni makosa, hao ni sehemu ya Tanzania. Miezi minne ya kuwa nchi.

Pesa sasa. Zanzibar inakusanya kodi zake za ndani kwa mamlaka yake, na TRA, mamlaka ya kodi ya Muungano, inakusanya pia huko huko ushuru wa forodha na kodi ya mapato. Kwa misaada ya nje iliyopitia bajeti ya Muungano, fungu lao kwa miaka mingi limekuwa asilimia 4.5. Sensa ya 2022 ilipata Zanzibar watu 1,889,773 kati ya milioni 61 na ushee za Tanzania nzima, karibu asilimia 3, kwa hivyo mtu wa bara anakwambia hawa wanapata zaidi ya idadi yao, na mtu wa visiwani anakujibu sisi si mkoa, sisi ni mshirika, idadi inaingilia wapi hapo? Wote wawili wana hoja na hakuna anayemsikiza mwenzake. Ibara ya 133 ya katiba ya Muungano inasema kuwe na Akaunti ya Fedha ya Pamoja ya mambo ya Muungano. Miaka ikapita mingi, serikali zikabadilishana, akaunti ikabaki kwa karatasi. Hapa kwetu angalau kuna ile asilimia 15 kwa katiba, magavana wanajua pa kuanzia kupiga kelele.

Na sasa nifike pale nilitaka kufika tangu mwanzo. Kwa karatasi Zanzibar iko na nguvu kuliko kaunti yoyote, hata tukiziweka zote 47 pamoja. Hakuna Seneti inaweza kumtoa Rais wa Zanzibar, hakuna waziri wa Dodoma anaweza kubeba hospitali ya Mnazi Mmoja akaipeleka wizara yake. Hata Samia Suluhu Hassan, ambaye ni mtu wa Kizimkazi kabisa, mtoto wa kisiwa, akiwa Rais wa Tanzania anaweza kumteua waziri wa afya wa watu wa Mwanza lakini hawezi kumteua waziri wa afya wa kijiji alichozaliwa. Sheria iko wazi hapo.

Lakini kuna mlango wa nyuma, nao ni chama. Rais wa pili wa Zanzibar, Aboud Jumbe, alianza kuandaa hoja ya kisheria kwamba Muungano unatakiwa uwe na serikali tatu. Januari 1984 kikao cha Halmashauri Kuu ya CCM kikakaa Dodoma, na akatoka hapo amejiuzulu vyeo vyote, urais wa Zanzibar, umakamu wa rais wa Muungano, umakamu mwenyekiti wa chama. Hakuna mpiga kura mmoja wa Unguja ama Pemba aliulizwa. Mwaka 2000 vikao vya CCM vya Zanzibar vilimpa kura nyingi Mohamed Gharib Bilal, aliyekuwa Waziri Kiongozi, jina likafika Dodoma, likatoka jina la Amani Karume. Mwaka 2020 Hussein Mwinyi alikuwa waziri wa ulinzi wa Muungano, mtu ambaye ubunge wake wa kwanza ulikuwa wa Mkuranga, bara, akapitishwa Dodoma akaenda kuwa rais visiwani.

Tume ya katiba mpya ya Jaji Warioba ilizunguka nchi nzima ikakusanya maoni, 2013 rasimu yake ikasema serikali tatu, Tanganyika irudi, kila mtu ajue mfuko wake. Bunge Maalum la 2014 likarudisha mbili, upinzani wakatoka nje, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 haijapigwa mpaka leo. Ukiuliza kwa nini CCM inaogopa hiyo ya tatu utapewa majibu ya gharama, ya umoja, ya urithi wa Mwalimu, na mengine yana uzito. Mimi naona pia chama kilichozoea kuwachagulia watu wawili viti viwili kwa meza moja hakitaki kiti cha tatu. Januari 2025 mkutano mkuu maalum wa CCM ulikutana Dodoma, Samia akiwa mwenyekiti, ukapitisha mgombea wa urais wa Tanzania, Samia mwenyewe, na mgombea wa urais wa Zanzibar, Mwinyi, kikao kimoja, miezi tisa kabla Mzanzibari hajaona karatasi ya kura.